Rada za angani na barafu za milimani: nyie mnasifia picha, mimi nahesabu siku

Mwaka 1820 waongozaji watatu wa wapanda milima walizolewa na poromoko la theluji kule Mont Blanc, wakatumbukia kwenye ufa wa barafu na hawakuonekana tena. Miaka ikapita. Akaja mwanasayansi wa Scotland, James Forbes, ambaye kuanzia 1842 alikuwa anazunguka na kifaa chake cha kupimia pembe kwenye barafu za Alps anaangalia zinasogea kiasi gani kwa siku, akapiga hesabu zake akasema wale jamaa watakuja kutokea huko chini kama miaka 40 hivi tangu wapotee. 1861 mabaki yao yakaanza kutoka kwenye mdomo wa mto wa barafu wa Bossons, pamoja na vitu walivyokuwa wamebeba. Miaka 41. Mtu wa karne ya 19 huyo, hana kompyuta wala nini.

Siitoi hii stori kumtisha mtu. Naitoa kwa sababu ukiiangalia vizuri alichofanya Forbes ndo hicho hicho kinachofanywa saa hizi na setilaiti za rada zinazopita kilomita kama 700 juu yetu. Unaenda, unaweka alama, unaondoka, unarudi, unapima imesogea wapi. Hamna uchawi mwingine. Na kwenye huo mlolongo neno lenye mzigo wote ni hilo la "unarudi".

Sasa kila setilaiti mpya ya rada ikirushwa watu wanashangilia ukali wa picha, eti inaona mpaka kitu cha ukubwa wa meza, alafu hamna anayeuliza itapita tena lini hapo hapo. Mimi nasema kwa barafu ya mlimani setilaiti yenye picha za kawaida ambayo inarudi bila kukosa ina faida kubwa kuliko yenye picha kali inayorudi ikijisikia. Najua kuna wadau watanibishia, na baadhi ya hoja zao ni za kweli na nitazifikia, ila kwanza tuwekane sawa kwenye mambo ya msingi.

Kuna watu bado wanadhani barafu ya mlimani imekaa tu pale juu kama kofia. Haijakaa. Theluji inaanguka, inarundikana mwaka juu ya mwaka, inajigandamiza mpaka inakuwa barafu ngumu, alafu uzito wake wenyewe unaishusha mlima. Inashuka kwa njia mbili, barafu yenyewe inajivuta ndani kwa ndani kama asali nzito, na pia inateleza juu ya mwamba kule chini hasa maji yakishapenya mpaka huko, ndo maana nyingi zinaongeza mwendo msimu wa kuyeyuka unapoanza. Kuna za sentimita chache kwa siku, kuna za mita. Na kuna hizi zenye wazimu wake, zinatulia miaka mingi kabisa kama zimelala, alafu siku moja zinachangamka zinaanza kukimbia, mfano Khurdopin kule Karakoram upande wa Pakistan, mwaka 2017 ilifika kama mita 20 kwa siku. Mita ishirini! Wenye kamusi barafu zote hizi zinazotembea wanaziita barafuto, sawa, ila mimi nitaendelea kusema mito ya barafu maana ukiangalia picha kutoka juu ni mto kabisa, na vijito vyake vinaungana.

Kwanini rada na sio kamera ya kawaida? Kamera inataka mwanga na inataka anga safi, na milimani hivyo vitu viwili kuvipata kwa pamoja ni bahati. Himalaya wakati wa monsuni mawingu yanafunika wiki kwa wiki na huo ndo msimu ambao barafu ina mambo mengi. Ukienda kaskazini sana kuna giza la miezi. Rada haijali, yenyewe inatuma mawimbi yake ya mikrowevu, yanapenya wingu, yanagonga barafu, yanarudi. Tena kuna ujanja mmoja ambao mimi huwa unanifurahisha kila nikiufikiria: antena ya Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, ina urefu wa kama mita 12 tu, na kutoka umbali ule antena ya hivyo ilitakiwa itoe picha mbovu kabisa ya mabaka makubwa makubwa, lakini kwa kuwa chombo kinatembea, kompyuta inakusanya miangwi yote iliyopokelewa njiani inaichanganya kama vile imepokelewa na antena moja ndefu ya kilomita kadhaa. Antena ambayo haipo. Mwendo wa chombo ndo umeitengeneza.

Mwangwi ukirudi unakuja na taarifa mbili. Ya kwanza ni nguvu yake, hiyo ndo inatengeneza picha ya rangi ya kijivu tunayoiona. Ya pili ni wimbi limefika likiwa kwenye mkao gani, yaani liko kileleni, bondeni, au katikati. Hii ya pili chukulia kama saa ya ukutani yenye mshale mmoja tu, ule wa dakika. Setilaiti ikipita leo inasoma mshale uko wapi kwa kila kipande cha ardhi, ikirudi baada ya siku kadhaa inasoma tena, na tofauti ya mshale ndo inakwambia kipande kile kimesogea kiasi gani kuelekea au kuikimbia setilaiti. Kwa rada ya bendi C, ambayo wimbi lake ni sentimita 5.6, mshale unamaliza mzunguko mzima kila ardhi ikisogea sentimita 2.8, maana wimbi linaenda na kurudi. Kwa hiyo milimita tu zinaonekana. Mwaka 1993 Goldstein na wenzake walitoa kwenye jarida la Science kipimo cha mto wa barafu wa Rutford kule Antaktika kwa mtindo huu huu, kwa data za setilaiti ya Ulaya ya ERS-1, watu wakapagawa, na walikuwa na haki ya kupagawa.

Lakini si nimesema mshale ni wa dakika tu? Wa saa haupo. Barafu ikisogea sentimita 2.8 au ikisogea mara mia ya hapo, mshale unaweza ukasimama pale pale. Chukua mto wa barafu wa sentimita 30 kwa siku, na tuseme kwa urahisi unakuja moja kwa moja kuelekea kwenye rada. Baada ya siku moja mshale umezunguka kama mara 11, hapo unaweza ukaifuata mizunguko kidogo kidogo kuanzia kwenye mwamba wa pembeni ambao hausogei, ukaingia katikati ukiwa bado na hesabu yako. Baada ya siku 12 ni mita 3.6, mizunguko kama 128, na kwenye kingo za barafu ambapo kasi inabadilika ghafla mistari inabanana mpaka hamna mtu wala programu inayoweza kuihesabu. Hiyo ni moja. Ya pili ambayo ni mbaya zaidi, ndani ya hizo siku 12 theluji mpya imeanguka, upepo umeihamisha, jua limeyeyusha juu, kwa hiyo uso uliourudia sio ule uliouacha, na hapo tofauti ya mishale haina maana yoyote, unapata kelele tupu, picha ya rangi rangi kama mtoto kamwaga ndoo za rangi.

Ndo maana nasema siku. Sio kwamba picha ilikuwa haina ukali. Ukali ulikuwepo, kilichokosekana ni kuwahi kurudi.

Na watu waliwahi kuwa nacho! ERS-1 ilirushwa Julai 1991, ERS-2 ikafuata Aprili 1995, na kwa kipindi cha 1995 na 1996 wakaziweka zinafuatana, ya pili inapita sehemu ile ile kesho yake. Siku 1. Kwa watu wa barafu zile data zilikuwa dhahabu na mpaka leo bado zinachimbwa, maana kwa siku moja hata mto wa barafu unaokwenda kwa kasi ya wastani bado mshale unasomeka. Ukali wa picha zenyewe? Wa kawaida sana, makumi ya mita ukishasafisha. Leo hii mtu ukimpa picha ya ERS anaicheka, ila akitaka kasi ya barafu ya milimani kwa usahihi wa sentimita anairudia hiyo hiyo.

Baada ya hapo njia ikawa nyingine. Kama mshale hausomeki, unaachana nao unafuata madoadoa. Picha ya rada ina madoadoa kama chumvi na pilipili, yanatokana na mawimbi kugongana ndani ya kila pikseli, na kama uso haujabadilika sana madoadoa yanabaki na mpangilio wake, yanasogea pamoja na barafu. Unachukua kidirisha cha picha ya kwanza unakitafuta kwenye picha ya pili, unaona kimehama kiasi gani. Njia hii inavumilia mwendo mkubwa, inakupa mwelekeo wa pande mbili na sio ule mmoja wa rada tu, na ndo iliyobeba kazi nyingi za Sentinel-1. Ramani kubwa ya mwendo wa barafu karibu zote za dunia aliyoitoa Romain Millan na wenzake 2022 ilitumia mtindo huu wa kulinganisha picha, za Sentinel-1 pamoja na za setilaiti za kamera, Landsat 8 na Sentinel-2, mito zaidi ya 200,000. Kazi nzito sana hiyo.

Ila madoadoa nayo yana bei yake. Kidirisha lazima kiwe kikubwa ili kitambulike, mara nyingi ni mita mamia kadhaa, sasa mto wa barafu wenye upana wa mita 300 unakiingizaje humo? Nusu ya kidirisha inakaa kwenye mwamba wa pembeni ambao hautembei, jibu linatoka limechanganywa, unaambiwa barafu imesogea kidogo kumbe imesogea sana. Na barafu nyingi za milimani kwa idadi ni ndogo za aina hiyo. Hapa ndo naungana na wale wa picha kali, hii hoja yao ni ya kweli kabisa, ukali unasaidia barafu nyembamba, TerraSAR-X ya Ujerumani yenye wimbi la sentimita 3.1 imefanya kazi nzuri kwenye sehemu ambazo Sentinel-1 inababaisha. Sipingi. Napinga kuuweka ukali mbele ya kila kitu.

Alafu milima yenyewe inaikomoa rada. Rada inaangalia kwa ubavu, sio moja kwa moja chini, kwa hiyo kilele kirefu kinaweza kurudisha mwangwi kabla ya mguu wa mlima ule ule, kwenye picha mlima unaonekana umelalia upande, umefunika bonde zima. Upande wa pili wa mlima kuna kivuli, hamna kitu. Kuna mito ya barafu ambayo ukipita kutoka kusini kwenda kaskazini huioni, lazima usubiri ile njia ya kurudi kutoka kaskazini kwenda kusini, na kuna mingine imejificha pande zote mbili. Watu wa tambarare hawalijui hili tatizo, wao picha zao ni safi.

Sasa tuje kwenye kitu kinachonikera. Aprili 2011 Japan ikapoteza setilaiti yake ya rada, ALOS. Mwaka huo huo ERS-2 ikastaafishwa. Aprili 2012 Ulaya ikapoteza mawasiliano na nyingine yake ya rada, Envisat. Mpaka Sentinel-1A, ya kwanza kwenye kundi la Sentinel-1, inarushwa Aprili 2014, Ulaya haikuwa na rada yake ya bure ya kupita na kurudi kwa utaratibu, zilizobaki angani ni zile za kuomba na kulipia. Miaka miwili. Kwa mtu anayefuatilia mto wa barafu unaotulia muda mrefu na kuamka ghafla, miaka miwili ni kama kukatika kwa umeme dakika ile ile goli linafungwa.

Mngedhani somo limeeleweka. 2016 ikaongezwa Sentinel-1B, siku zikashuka kutoka 12 kuwa 6, na watu wa barafu wakaanza kujenga mifumo yao yote juu ya hizo siku 6. Tarehe 23 Desemba 2021 Sentinel-1B ikapata hitilafu ya umeme, ikajaribiwa weee, Agosti 2022 wakatangaza imekufa. Mrithi wake Sentinel-1C alikuwepo anajengwa, lakini Desemba 2022 aina ya roketi aliyopangiwa, Vega-C, ikafeli, ikafungiwa, na 1C ikaja kuruka tarehe 5 Desemba 2024. Karibu miaka mitatu tena. Na sio kwamba siku 6 zilirudi kuwa 12 tu na maisha yakaendelea, kuna maeneo ya dunia hayakupata picha kabisa maana setilaiti moja iliyobaki haiwezi kufanya ya wawili, ikabidi wachague nani apate na nani akose.

Sioni mtu wa kumlaumu kwenye roketi kufeli, roketi zinafeli. Ninachosema ni kwamba setilaiti ya akiba kukaa angani tayari haikuwa kipaumbele, kwa sababu kurudia picha ile ile ya jana hakuna mvuto. Waziri hawezi kukata utepe wa "tumeendelea kama kawaida". Utepe unakatwa kwa kitu kipya.

Na hapa nitawajibu wale wa kampuni binafsi, maana najua mnakuja nayo. Ndio, ICEYE ya Finland wamerusha ya kwanza Januari 2018 na sasa wana kundi zima angani, wanaweza kurudi sehemu moja kwa siku moja, na picha zao ni kali. Nzuri. Lakini ile ni huduma ya kuagiza. Unawaambia nipigie pale, wanapiga pale. Sasa dunia ina mito ya barafu zaidi ya laki mbili, utaagiza upi? Tarehe 17 Julai 2016 mto wa barafu kwenye milima ya Aru, magharibi ya Tibet, ulikatika sehemu yake ya chini ikaporomoka kwa mpigo, mita za ujazo kama milioni 68, ukaua wafugaji tisa na mamia ya mifugo yao. Mteremko ule sio mkali kiasi cha kumfanya mtu aseme hapa pataporomoka, na ule mto haukuwa kwenye orodha ya hatari ya mtu yeyote. Miezi miwili baadaye, 21 Septemba, wa jirani yake nao ukaporomoka, mkubwa kuliko wa kwanza. Ndo watafiti wakarudi nyuma kwenye hifadhi za picha, za kamera na za rada, wakakuta unene wa ile mito ulikuwa unabadilika tangu miaka kadhaa, sehemu ya juu inapungua ya chini inavimba. Ushahidi ulikuwa umelala kwenye hifadhi. Ulikuwepo kwa sababu kuna chombo kilikuwa kinapita pale bila kuagizwa na mtu, kikapiga picha ya barafu ambayo hamna aliyeijali. Picha ya jana huwezi kuiagiza leo, hata uwe na hela kiasi gani.

Hilo hilo ndo jibu langu kwa wanaosema akili mnemba itaziba mapengo. Itaziba nini? Inasaidia sana kusafisha kelele na kupitia mabilioni ya pikseli, hilo nakubali, ila kama barafu iliamka na kulala ndani ya pengo ambalo hamna chombo kilichopita, unayemuuliza ni mtu ambaye hakuwepo.

Kuna kosa lingine watu wanafanya na hili linatoka hata kwa waandishi wazuri. Wakisikia mto wa barafu umeongeza kasi wanaandika "unayeyuka", wakisikia umepunguza wanaandika "nafuu". Mara nyingi ni kinyume. Barafu inasukumwa na uzito wake, ikikonda msukumo unapungua, inatambaa polepole. Amaury Dehecq na wenzake 2019 waliangalia picha za Landsat za milima mirefu ya Asia toka 2000 mpaka 2017, wakakuta sehemu nyingi mwendo umepungua na upungufu unakwenda sambamba na kukonda kwa barafu, isipokuwa Karakoram na Kunlun magharibi ambako hali ya barafu ilikuwa afadhali na mwendo uliongezeka kidogo. Kwa hiyo mgonjwa anayetembea polepole sio kwamba katulia, kaishiwa nguvu. Ile picha moja ya rangi nzuri ya kasi haikwambii lolote kati ya hayo. Unahitaji mfululizo, ujue hii ya leo ni ya msimu tu, ni ya mto unaokaribia kuamka, au ni ya mto unaokufa.

Nikiri pia kuna kazi ambayo siku zinatakiwa ziwe sifuri. Ukitaka urefu wa uso wa barafu, yaani ujue imekonda mita ngapi, hutaki barafu isogee kati ya picha mbili, unataka macho mawili kwa wakati mmoja. Februari 2000 chombo cha anga cha NASA, Endeavour, kilibeba antena mbili, moja kwenye mlingoti wa mita 60, kikapima sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11. Kuanzia 2010 Wajerumani wakaruka na TerraSAR-X na TanDEM-X bega kwa bega. Ukitoa ramani moja kwenye nyingine unapata barafu iliyopotea, japo uwe makini, maana theluji kavu rada inaipenya mita kadhaa, ukijisahau utasema barafu imekonda kumbe mwaka ule theluji ilikuwa imelowa na mwaka huu ni kavu.

Nirudi kwenye hatari maana ndo inayowagusa wengi, na hapa hoja yangu mwenyewe inabanwa. Blatten, Uswisi. Tarehe 19 Mei 2025 watu kama 300 wakahamishwa kijijini, mpaka mifugo, kuna ng'ombe aliyeumia alibebwa na helikopta. Mwamba wa mlima wa juu ulikuwa unamomonyoka unaangukia kwenye mto wa barafu wa Birch, mzigo ukazidi, barafu ikaanza kukimbia, na tarehe 28 Mei ikashuka yote na mawe yake ikafunika sehemu kubwa ya kijiji. Mtu mmoja alifariki, ambaye alikuwa nje ya eneo lililohamishwa. Kutoka kuhama mpaka kufunikwa ni siku 9. Setilaiti moja inayorudi kwenye njia ile ile baada ya siku 12 ingeweza kupita kabla na kupita baada, katikati isione kitu. Kilichowaokoa ni kamera na rada ya kusimamishwa chini, inayotazama upande wa pili wa bonde na kusoma mwendo usiku na mchana, pamoja na wataalamu waliokuwa wanaujua ule mlima tangu zamani.

Kwa hiyo asije mtu akauza rada ya angani kama king'ora. Sio king'ora. Kazi yake ni kusema kati ya laki mbili, hii hapa imebadilika tabia, kapelekeni macho ya karibu. Shisper kule Hunza, Pakistan, ni mfano mzuri zaidi wa kazi inayoiweza: ilianza kukimbia 2018, ikaziba mto wa bonde la jirani, ziwa likajaa na kupasuka, likajaa tena, mpaka tarehe 7 Mei 2022 maji yakabeba daraja la Hassanabad kwenye barabara ya Karakoram. Miaka minne hiyo kutoka kuamka mpaka daraja kuondoka. Hapo siku 6 au hata 12 zinatosha sana kufuatilia, ilimradi zisikatike.

Saa hizi hali imekuwa nzuri kidogo, niseme ukweli. Tarehe 30 Julai 2025 NASA na shirika la anga la India wakarusha NISAR, ina bendi mbili, na ile ya L yenye wimbi la sentimita 24 ndo nayoisubiria zaidi. Wimbi refu halibabaishwi haraka na theluji mpya na mshale wake unamaliza mzunguko kwa sentimita 12 badala ya 2.8, kwa hiyo barafu nyingi zilizokuwa hazihesabiki zitahesabika. Data ni bure. Inarudi kila baada ya siku 12, hapo wamenikera kidogo lakini sawa. Novemba 2025 ikaruka Sentinel-1D kumpokea mzee 1A ambaye amefanya kazi toka 2014, zaidi ya miaka saba aliyopangiwa. 1C ndo iliirudisha Ulaya kwenye siku 6, kwa mara ya kwanza tangu ile Desemba ya 2021, na kuna Harmony, setilaiti mbili zitakazosindikizana na Sentinel-1, imepangwa kurushwa 2029.

Siku 6. ERS-1 na ERS-2, mitambo ya miaka ya tisini, zilikuwa zinaachana siku 1.